Shimo la Raundi ya Tatu

Mbweha alitumbukia shimoni kwa mara ya tisa, na mzee aliyekaa kando ya birika la chai akasema, "Samahani."

Hakuna aliyemjali. Mzee Anzai alikuwa hivyo, adabu imezidi kipimo. Paka akimkwaruza, yeye ndiye anayeomba radhi.

Ilikuwa Jumapili, ndani ya duka la Bi Tomoe pale Sakai, duka la gemu za zamani ambalo kaseti zake zimejaa mpaka kwenye ngazi za ghorofani. Mara moja kwa mwezi wateja wake, watu wazima wenye mvi zao, walivua viatu, wakabanana mbele ya televisheni nene kama gunia la mchele, wakacheza upya gemu za kuruka za utotoni na kuzipa alama ubaoni.

Siku hiyo zilishindana tatu. Sungura Baruti ilipata tisa kati ya kumi. "Anatua palepale ulipotaka," alisema Bi Tomoe. "Gemu nzuri ni ile ambayo ukifa unajilaumu mwenyewe." Kobe Rubani ilipata sita: muziki mtamu, lakini kobe anateleza kama kakanyaga sabuni. Mbweha wa Theluji kila mtu aliipa tatu. Mzee Anzai peke yake aliipa sifuri.

"Sifuri, mzee? Hata rangi zake hazijakugusa?"

"Rangi nzuri," alisema, macho kwenye kikombe. "Sifuri."

Ubaya wa gemu hiyo ulikuwa shimo la raundi ya tatu. Walilikumbuka kama mtu anavyokumbuka jino bovu. Hakuna aliyewahi kulivuka.

"Yupo!" Mitsuru, mmoja wa wateja hao, alikuwa amepiga kelele, akasimama na kumsukuma mbele kaka yake. "Kaka yangu alivuka! Tulikuwa bado wanafunzi, alfajiri ya baridi, mimi nimelala. Leo nimemleta mumwone kwa macho yenu."

Ndivyo pedi ya kuchezea gemu ilivyofika mikononi mwa Kiyonori, dereva wa treni, miaka hamsini na miwili, ambaye sasa alikuwa anaanguka mara ya kumi.

"Samahani," akasema mzee Anzai.

"Mbweha wako kashiba keki za mochi, dereva!" mmoja akadakia.

"Abiria, tunaomba mshuke, treni imeacha reli!"

Walicheka. Mitsuru hakucheka. "Mwacheni apashe vidole," alisema.

Kiyonori alijua vidole havina kosa. Hajawahi kuvuka. Alidanganya asubuhi moja mezani, supu ya maharage bado inafuka moshi, ili tu dogo amwone dume. Alidhani uongo huo utaisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini Mitsuru aliuamini, akaruka majira yote ya baridi. Gemu ile haikuwa na pa kuhifadhia ulipofika, kwa hiyo hakuuzima mtambo usiku na mchana, mpaka mama yao alipong'oa waya apate kuchomeka mashine ya kufagilia. Kidole gumba kilimvimba. Hakuvuka.

Na tangu hapo hakuacha kulitaja shimo hilo. Aliposhindwa mtihani wa kuingia sekondari ya juu alisema, "Mimi siyo kaka, mimi sivuki mashimo." Mchumba alipomwacha alisema vilevile, tena akitabasamu. Kila mara Kiyonori alibadili mazungumzo.

Mara ya kumi na moja. "Samahani."

Kiyonori aliiweka pedi sakafuni. Masikio yake yalikuwa yanawaka. "Mitsuru," alisema, "kuna jambo ilikuwa nikwambie zamani..."

"Ng'ambo ya shimo kuna nini?" aliuliza mzee Anzai.

Duka zima lilimgeukia. Mzee huyo hakuwa na desturi ya kumkatiza mtu maneno.

"Aliyevuka hasahau," alisema. "Tuambie, uliona nini?"

Kiyonori alimtazama mdogo wake, na ulimi ukaurudia uongo uleule wa mezani, neno kwa neno. Theluji. Mti mmoja wa persimoni, matunda bado yapo juu. Mama mbweha amekaa chini yake, anangoja. Kengele ndogo inalia.

Mzee Anzai alifumba macho akisikiliza, kama mtu anayesomewa barua.

"Ndivyo," alisema mwishowe. "Kengele inalia mara mbili."

"Mara mbili!" Mitsuru alimpiga kaka yake begani. "Si niliwaambia? Nyie si mlikuwa mnacheka? Lete pedi hapa!"

Mzee alichukua kofia yake akatoka. Kiyonori alimkuta nje anafungua kufuli ya baiskeli.

"Mzee, umeninusuru, lakini usinidhanie mtu wa maana. Mimi sijavuka. Nilimdanganya mdogo wangu, na miaka thelathini na minane anajiona mjinga kwa ajili yangu. Wewe uliyevuka kweli, nifundishe. Nikishajua, nitamfundisha naye, halafu nitamwambia yote."

Mzee Anzai alitazama kupitia kioo cha duka. Kule ndani Mitsuru amepiga magoti, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto. Mbweha akakimbia, akaruka, akatumbukia.

"Samahani," alisema mzee, na safari hii akainama, akainama mpaka kofia ikamwanguka. "Kiwanda kiliitaka gemu kesho yake asubuhi, iwahi madukani kabla ya Mwaka Mpya. Ng'ambo nilikuwa sijachora kitu. Nikalipanua shimo, asivuke mtu."