Themanini kwa Arobaini

“Tangu jana mchana?” daktari wa usingizi aliuliza tena, akidhani amesikia vibaya.

“Tangu jana mchana, mwanangu. Chakula sikugusa, maji sikugusa. Mate yenyewe nimeyameza kwa woga.”

Mgonjwa, mama mtu mzima, fundi cherehani mwenye ngiri, alisema hayo kwa fahari, kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri ya shule. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji, midomo imekauka hadi ikachanika. Daktari aliifinya kidogo ngozi ya mkono wake, akaiachia. Ikabaki imesimama.

“Mama, nani alikwambia usinywe maji?”

“Mkamwana wangu. Alisema upasuaji hautaki masihara. Jagi akalifungia kabatini.”

Sista aliyekuwa akiandaa dripu akaguna. Alijua kinachokuja. Wauguzi walimwita daktari huyu Spika. Mwenyewe alijua wanamwita hivyo, na alijua pia kwamba hawajakosea. Kwenye habari ya maji alikuwa hazimiki. Kuna siku alimhutubia mkewe jikoni mpaka mkewe akazima jiko, akaenda zake kulala, naye akaendelea kuihutubia friji.

“Chakula unaacha mapema, sawa,” akaanza. “Lakini maji matupu unaruhusiwa mpaka yabaki masaa mawili. Sindano yangu ya mgongoni inalegeza mishipa ya damu. Mishipa ikilegea na mwili hauna maji, presha inaporomoka. Moyo unasukuma, lakini unasukuma nini?”

“Unasukuma nini?” mama akauliza kwa hamu.

“Hakuna kitu! Ndiyo maana mtu anaweza kukuzimikia hivi hivi ukimwangalia.”

“Kumbe nimejianika mwenyewe kama nguo juani! Na wewe, mwanangu, umekunywa hata chai?”

“Mimi sipasuliwi, mama.”

Akacheka peke yake. Huyu alikuwa wa sita tangu alfajiri. Kikombe chake cha chai kilikuwa kimebaki ofisini, kimeota utando.

Akasogeza upasuaji mbele saa nzima ili dripu mbili ziingie kwanza. Daktari mpasuaji akanung’unika, akaitazama saa ya ukutani, Spika hakujali. Alisimama kando ya mgonjwa muda wote huo, akiangalia matone, akipima presha kila baada ya dakika tano, akimtangazia kila aliyepita: “Leo hapa hashuki mtu presha. Akishuka, nivueni koti.”

Saa tisa alasiri sindano ikaingia mara moja tu, safi. Mama akalazwa chali, pazia la kijani likatundikwa usawa wa kifua. Miguu ikafa ganzi. Akaomba ashikwe mkono, akashikwa. Kiyoyozi kilikuwa kimeharibika tangu wiki iliyopita, na chumba kilifuka joto kama pasi ya mkaa.

Mpasuaji alikuwa bado hajagusa kisu sista alipokaza macho.

“Mbona anabadilika rangi?”

Kweli. Jasho jembamba lilikuwa limetanda kwenye paji la uso. Midomo ilipauka kama majivu. Ile mikono miwili iliyokuwa imeshikana ikaachana. Mmoja ulilegea, ukateleza.

“Presha!” mpasuaji akafoka.

Mkanda wa kipimo ukajaa upepo, ukanywea.

“Themanini kwa arobaini!”

“Miguu juu! Dripu nyingine, fungua yote!”

Mashine ya mapigo ya moyo iliyokuwa kichwani mwa meza iliendelea na mlio wake wa taratibu, ti, ti, ti, kana kwamba haya hayaihusu. Spika alitaka kusema. Dawa ipi, kiasi gani, ichomwe kwa kasi gani: hayo alikuwa ameyafundisha miaka kumi na moja. Ulimi ukamgomea, mzito, umenata kwenye kaakaa. Siku moja tu spika inatakiwa, akawaza kwa aibu, na ndiyo siku umeme umekatika.

Wengine wakafanya bila yeye. Mmoja alikimbilia simu kumwita daktari mwingine wa usingizi. Mwingine aliukamua mfuko wa dripu kwa viganja vyote viwili.

“Tisini,” sista akasoma. Akapima tena. “Mia moja. Anarudi, jamani, anarudi.”

Hapo ikasikika sauti ya mama kutoka juu ya meza ya upasuaji, imara, haina wasiwasi hata chembe.

“Mwekeeni basi daktari kitu chini ya kichwa, wanangu, hiyo sakafu ni ngumu. Mimi huku juu sina neno.”