Nyumba Hii Haiuzwi

Bi Zaituni alirudi kutoka kumuuguza dada yake akakuta ukuta wa nyumba yake umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka la nyama: NYUMBA HII HAIUZWI. Mbele yake alisimama Makame, mdogo wa marehemu mumewe, brashi mkononi, meno yote nje.

“Karibu nyumbani, shemeji! Matapeli wamezidi mjini. Nimekuwekea kinga.”

“Ahsante, shemeji. Mungu akulipe,” alijibu, ingawa machale yalikwisha kumcheza. Mtu huyu tangu mazishi hajamletea hata kiberiti. Leo kanunua rangi kopo zima?

Akasogea kusoma vizuri. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa: MWENYEWE, na namba ya simu.

“Mbona namba si yangu?”

“Ni yangu. Simu yako si kila mara haina chaji? Kwani shida iko wapi? Nyumba ni yetu sote.”

“Yetu sote,” Bi Zaituni alirudia akicheka. “Na bati likivuja huwa la nani?”

Makame naye akacheka, ila kicheko kikakatika njiani. Simu ilikuwa inaita mfukoni mwake.

“Pokea, shemeji. Pengine anauliza bei.”

“Aa, huyo kakosea namba.”

Ikanyamaza, ikaita tena. Bi Zaituni akaichukua brashi mkononi mwa Makame, taratibu, akaichovya koponi, akaigeukia ile namba ukutani. Makame aliubana mfuko wa shati kwa kiganja kilicholowa rangi. Alipokiondoa, alama nyekundu ya vidole ilibaki juu ya mfuko, na simu bado inaita.