Kiti cha Kinyozi Sebuleni

Kiti cha kinyozi kilikwama kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na wapangaji waliokuwa wakirudi baada ya alasiri wakabaki wamesimama nyuma yake.

"Hicho hakiingii kwangu," alisema Bi Inshirah kutoka mlangoni, ameegemea fimbo. "Umeshaniletea taa za Kichina. Umenitundikia sinia za Kinubi ukutani kana kwamba nauza karanga. Sasa humu ndani unataka kumnyoa nani?"

"Ulimi wako, mama," alijibu Rawya, binti yake. "Umerefuka."

"Mnamsikia?" Bi Inshirah aliwauliza majirani. "Mnamsikia anavyonijibu?"

Walimsikia. Mama Wagdi wa mlango wa pili alijipiga kifua, akasema dunia imekwisha.

Kiti kiliingia. Rawya alikiweka katikati ya makochi ya mama yake yenye miguu ya dhahabu, mbele ya kabati la vyombo vya arusi. Alikuwa mwanamke aliyeachika, muuzaji wa duka la mapazia, na kila Ijumaa alirudi sokoni na kioja kipya. Mlango wa meli kuukuu ukawa meza. Kizimba cha kasuku, bila kasuku, kikaning'inia juu ya redio ya marehemu baba yake.

"Ni mtindo wa kuchanganya," aliwaambia majirani.

"Hata jalala limechanganya," alisema mama yake.

Mwenye jengo, Haji Mutawalli, alikuwa akingoja. Fleti ile ya mtaa wa Shubra ilikuwa na mkataba wa zamani, wa kodi isiyonunua hata kilo ya nyama, na mkataba wa namna hiyo haufi na mpangaji iwapo yupo mtoto anayeishi naye. Lakini kwa kitambulisho chake, Rawya bado alikuwa mkazi wa mji wa Giza, ng'ambo ya mto, nyumbani kwa mtalaka wake. Siku ambayo Bi Inshirah angefariki, Haji angekwenda mahakamani kusema bibi huyo aliishi peke yake, na Rawya angelala barabarani. Jengo zima lilimwombea Haji afanikiwe. Mtoto anayemtesa mama mgonjwa wa moyo, barabara ndiyo stahili yake.

Maana Rawya hakukoma. Mwezi wa Ramadhani alipaka ukuta wa sebule rangi ya manjano na mlango wazi, harufu ikaingia kwenye futari za watu. Idi ilikuja na mapazia ya madoa ya chui. Kila kitu kilipoletwa, mama na binti walirushiana maneno mlangoni mpaka ghorofa ya tano ikatoka kusikiliza.

"Utaniua," mama alilia.

"Kufa basi, nipate pa kuweka kabati."

Siku hiyo Mama Wagdi alishindwa kuvumilia, akamkamata Rawya mkono. Bi Inshirah ndiye aliyemwondoa kwa fimbo. "Mwache. Nimemzaa mimi, nitamalizana naye mimi."

Na katika vioja vyote vile, hakutupa hata kimoja. Moyo wa mama, walisema majirani, wakazidi kumchukia binti.

Bi Inshirah alifariki baridi ilipoanza. Wanawake wa jengo walikaa matangani kati ya kizimba na madoa ya chui, wakanywa kahawa chungu. Mama Wagdi alimpa pole kila mtu isipokuwa Rawya.

Haji alifungua kesi kabla ya arubaini. Mashahidi hakuwatafuta, walijileta wenyewe. Wakili wake aliwafundisha neno moja tu: hapana.

Mama Wagdi aliapa. Hakimu akamuuliza kama Rawya alikuwa akiishi na marehemu.

Hapana ilifika mdomoni, lakini chuki ya miaka miwili haitoshei katika neno moja.

"Kuishi? Heri angeishi kama watu, mheshimiwa. Kiti cha kinyozi alikipandisha mwezi wa Shaabani. Nilikuwa nyuma yake na mfuko wa nyanya, mkono umekufa ganzi. Ramadhani tukafuturu rangi. Alfajiri anamtukana mama yake, magharibi anamtukana tena. Miaka miwili hakulala nje hata usiku mmoja. Laiti angelala, marehemu angepumzika."

Haji alikohoa. Mama Wagdi hakumsikia, alikuwa amefika kwenye mapazia.

Bawabu alisimama baada yake, kisha mwalimu wa ghorofa ya tano. Kila mmoja alikuja na hasira kubwa kuliko aliyetangulia, na kila mmoja alikuja na tarehe zake. Hakimu aliandika zote.

Mkataba ukahamia kwa Rawya.

Nje ya mahakama, Mama Wagdi alitema mate karibu na kiatu cha Rawya. "Nyumba umeipata," alisema. "Radhi ya mama utaitoa wapi?"

Rawya alirudi kwa miguu, akapanda ngazi, na milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine alipopita. Iliuma. Ilikuwa imeuma hivyo tangu mwanzo, tangu wiki ile aliporudi na talaka na sanduku moja, akawa anaingia na kutoka kimya kimya hata bawabu asijue kama yumo, na mama yake akamwita jikoni, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Mwanangu, mtu mpole hana shahidi," Bi Inshirah alinong'ona, akimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Kesho niletee kitu cha kuchukiza kuliko vyote sokoni, nami nitakutukana ngazini wakisikia. Nawe unijibu bila huruma, hata ukiniona nalia."