Mtu Mmoja, Ujuzi Mmoja

Siku hizi anayetaka kazi mpya sharti aende kituoni akafutwe ile ya zamani kichwani, isibaki hata chembe, ndipo atiwe mpya. Siwema alikuwa amesuka nywele saluni miaka nenda rudi bila kusogea mbele, akaona heri awe fundi wa umeme wa jua. Alirudi kutoka kituoni mchana akiwa mchangamfu, na kabla hata hajala akatengeneza taa ya jikoni iliyowashinda mafundi wawili.

Kisha binti yake, Nasra, akaketi mkekani katikati ya magoti ya mama yake, kama kila Jumamosi, akampa chanuo.

"Nifumulie hizi, mama, unisuke za shule."

Siwema akaipapasa ile mistari iliyonyooka, akaistaajabia.

"Zimekupendeza, mwanangu," alisema. "Nani aliyekusuka?"