Kiti Nyuma ya Goli

"Kiti, jamani! Kiti cha sebuleni, na mto wake wa mauamaua, kichwani kwa Muharami, saa nane hii, njia ya uwanjani!"

Mtaa mzima ulitoka milangoni kutazama. Mbele kiti. Nyuma ya kiti mama mtu mzima, kajitanda khanga mbili kwa baridi ya Mbeya, kakumbatia kuku.

"Muharami kaoa?" mtu akauliza.

"Angeoa ningemwelewa," alijibu Mwanakhamisi, mkewe, yule yule aliyepiga kelele za kwanza, mwiko mkononi. "Miaka kumi na moja namwambia anipeleke mpirani, naambiwa, mke wangu, kule hakuna pa kukaa. Leo pamepatikana."

Muharami akaongeza mwendo. Mtu mwenye akili nyingi hajibizani na watu wa kawaida, na siku hiyo akili zilimzidi mpaka shingo inamuuma.

Kwa kazi alikuwa muuza nguo, lakini hiyo ilikuwa ya kupitishia muda kati ya mechi na mechi. Timu ya Mbeya ikishinda, anapima kitambaa kwa kuzidisha. Ikifungwa, duka halifunguliwi, na wateja wanapita kutoa pole. Na miaka mitatu mfululizo kombe la jimbo lilipanda basi kwenda Iringa kwa sababu ya mtu mmoja tu: Fanueli, golikipa wao, jitu refu, mikono kama makasia. Leo fainali, nyumbani. Ikiwa sare, kombe linabaki kwa mwenye nalo. Lazima goli.

"Mwaka huu linalala Mbeya," Muharami alitangaza kwa kinyozi wiki nzima. "Na atakayelileta si mchezaji. Mtakapouliza nani kafanya, mtaambiwa Muharami."

Watu wakadhani kaenda kwa mganga. Mganga wa nini? Mwenzao kaenda Iringa.

Mwezi uliopita, sokoni kule, alimwona Fanueli akiruka magunia ya vitunguu na kujitupa mtaroni, kichwa chini. Kisa? Mama mkwe wake anapita. Kwa watu wa kwao, mwanamume na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja apinde. Pa kupinda hakuna, ajifunike uso. Muharami, ambaye mama mkwe wake huingia bila hodi na kumwonjea mchuzi sufuriani, alisimama pale sokoni mdomo wazi. Kisha akaufunga, akaanza kupanga.

Bi Paskalina, yule mama mkwe, hakuhitaji hata kubembelezwa.

"Mbeya? Hata leo, baba. Safari hiyo hiyo nilikuwa nayo, usafiri tu ndio ulinishinda."

Muharami akajipongeza kwa ulimi wake mtamu. Ndani ya basi akanyoosha mkono kumpokea kuku, maana mgeni mwenye adabu haji mikono mitupu.

"Mwache, baba. Huyu ana mwenyewe."

Hilo halikumwingia. Alikuwa anahesabu dakika.

Maana dakika ndiyo kila kitu! Mama akionekana mapema, Iringa wanabadilisha golikipa. Kwa hiyo Muharami akamkalisha nyuma ya lori la mbao, kiti, chai, maandazi, na yeye akakimbilia kwenye kamba kupiga kelele.

Mbeya walikuwa moto. Sedekia, senta fowadi, mkewe kajifungua Jumatano, basi uwanja mzima unamwimbia: "Baba mtoto, lete zawadi!" Anapiga, Fanueli kadaka. Anapiga tena, kadaka tena. Kipindi cha pili yale yale. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kasinzia chini ya hema lake, na kombe mezani linang'aa, liko tayari kwa safari.

Zimebaki dakika tano. Muharami akajitwisha kiti, dakika ya mwisho akakitua nyuma ya goli la Fanueli, akapangusa mto.

"Karibu, mama. Hapa ndipo panaonekana vizuri."

Kuku akapiga ukelele. Fanueli akageuka.

Loo! Jitu lile likavuta fulana, likajifunika uso, tumbo nje, likaruka kamba na kupotelea kwenye mikaratusi. Goli tupu! Na mpira uko kwa nani? Kwa Sedekia! Hatua kumi kutoka golini, hakuna beki, hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Muharami machozi yanamtoka.

"Niliwaambia nani? Niliwaambia nani mimi?"

Sedekia akainua mguu. Akainua na macho.

Mguu ukabaki hewani. Kisha senta fowadi wa Mbeya, baba mtoto, akavuta fulana, akajifunika uso, akatimua mbio upande wa pili na kupita katikati ya hema la Bwana Shauri. Mpira ukasimama wenyewe majanini. Refa akaungoja kidogo, kwa heshima, akapuliza mwisho.

 Kwenye kiti, Bi Paskalina alikuwa kajifunika khanga gubigubi, kuku tu ndiye anachungulia.

"Wameshapita, baba?" sauti ikatoka ndani ya khanga. "Mume wa mwanangu Rozalia, na huyu wa mdogo wake Yudith pia? Sasa kuku wa mzazi nitamtuma nani ampelekee mwanangu?"

Watu wote wakageuka.

"Nani kamleta huyu mama?"

Muharami alishajitwisha mto na kuacha kiti, yuko nusu ya njia ya kutokea.

"Kesho," alisema bila kugeuka. "Kwa kinyozi. Kesho nitawaeleza yote, jamani, kesho."