Chupa Sita za Maua

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa nne na robo asubuhi, kwenye mkutano wa mtaa. Fundi bomba alipokea glasi ya kinywaji cha maua, akapiga funda moja, akakuta ladha ya mkono wa marehemu mkewe.

Si kufanana. Ni chenyewe: uchachu ule ule wa mbali, povu lile lile linalotekenya ulimi.

"Katutengenezea fundi cherehani," mwenyekiti alitangaza, utadhani maua kayachuma yeye. Mitaro imeziba mwaka mzima hana habari, lakini vya kunywa anavijua. Wakubwa ni wale wale. Hata mke wa fundi bomba alikata roho wakubwa wa hospitali wakiwa kwenye semina.

Habari za mitaro hazikumwingia fundi bomba. Macho yalikuwa kwa fundi cherehani: mtanashati, hana mke, vidole laini kama vya mtoto. Miaka ishirini na sita mkewe alimficha namna ya kutengeneza kinywaji kile. Kila msimu wa maua alimfungashia virago aende kwa dada yake siku tatu. "Maua hayaoshwi, baba, yanachachuka yenyewe. Ukiingia jikoni na harufu yako ya gundi ya mabomba, yanakufa." Naye akaenda, mwanamume mzima, shuka kwapani. Akirudi siku ya nne, chupa sita ziko mezani, mke anang'aa kama bibi harusi.

Kumbe siri kamnyima yeye, kampa jirani. Na kingine alichompa ni nini?

Mkutano ulipokwisha alimfuata kibandani.

"Karibu, shemeji."

"Tangu lini nimekuwa shemeji yako?"

Fundi cherehani akatoa mguu kwenye pedali. "Haya, fundi. Kuna nini?"

"Kile kinywaji. Alikufundisha nikiwa kwa dada yangu, si ndiyo? Mnachuma wote, mnakoroga wote."

Fundi cherehani akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha.

"Anifundishe marehemu? Hata uji wa kuchachua ulimshinda, Mungu amrehemu. Hii kazi kaniachia mama yangu. Mkeo alikuwa mteja."

"Mteja?"

"Chupa sita kila msimu. Aliniomba nisikwambie. Alisema unafurahi ukidhani katengeneza mwenyewe."

Fundi bomba akajikalisha kwenye benchi la wateja, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatamani kucheka. Wivu wote ule, bure.

"Alikuwa anazipitia siku ya tatu jioni, akishuka kwenye basi, begi la safari bado liko begani," fundi cherehani aliendelea, akirudisha mguu kwenye pedali. "Hivi fundi, mimi sikuwahi kumuuliza. Kila mwaka vile, alikuwa anatoka wapi?"