Kikapu cha Fuko

Anayebisha akae nyuma, maana kisa hiki nakijua kuliko hata waliokuwapo.

Mwewe alikuwa mwalimu mwenye macho ya kuona kifaranga kutoka mawinguni. Basi akachagulia darasa lake vitabu vya maandishi madogo kama mayai ya chawa, na kingine hakutaka. Siku moja Fuko, mwanafunzi asiyeona, akaja na kikapu cha mbegu.

"Mwalimu, mimi nasoma kwa kushika."

"Shika njia, na kesho usirudi!"

Kabla Fuko hajafika mlangoni, akatua Bundi, mkaguzi wa shule. Mwewe akamfunulia kitabu mbio mbio. "Mheshimiwa, somo letu la mbegu hilo!"

Bundi akapepesa macho, maana jua la mchana humpofusha. "Mbona umenipa karatasi tupu?"

"Shikamoo, mzee," akasema Fuko. "Lete kucha zako. Hii bapa ni ya boga. Hii yenye kitovu ni kunde."

"Marahaba!" Bundi akacheka hadi manyoya yakamdondoka. "Miaka yote nakagua, leo ndiyo nimeelewa somo la mchana! Fuko abaki. Nawe Mwewe, kamwongezee mbegu."

Mwewe akaruka, akarudi anatweta, akatema mzigo mezani. "Kunde hizo! Nimezichagua kwa macho haya haya."

Fuko akashika moja, akaisugua, akainusa.

"Mwalimu," akasema kwa adabu, "haya ni mavi ya mbuzi."

Darasa zima likagaagaa kwa kicheko. Mwewe akaomba maji ya kusukutua.